Mto wenye fungu lake

Mwaka wangu wa kwanza hapa Shepparton, jimbo la Victoria nchini Australia, nilifanya kazi kwenye banda la kufungasha pea. Siku moja wakati wa chai, mzee mmoja aliyewahi kufuga ng'ombe wa maziwa aliniuliza kwetu tunalima nini. Mpunga, nikamwambia, kule Mbarali, Tanzania. Akacheka. "Basi na ninyi mnaambiwa mmekausha mto." Sikuwa nimemtajia mto wetu, Ruaha Mkuu, hata kidogo.

Ugomvi wa huku ni wa bonde la mto Murray na Darling. Serikali ilipotoa mapendekezo ya kupunguza maji ya umwagiliaji mwaka 2010, wakulima wa mji wa Griffith waliyachoma moto hadharani. Mpango ukapitishwa hata hivyo 2012: lita bilioni 2,750 kwa mwaka zirudi mtoni. Mwaka 2023 sheria nyingine ikapanua tena nafasi ya serikali kununua maji kwa wakulima walio tayari kuuza, na kelele zikaanza upya. Wa mjini wanawakumbuka samaki waliokufa kwa mamilioni kule Menindee, kwenye mto Darling. Wa mashambani wanasema maji yanamwagwa baharini bure. Hayo ya baharini niliyasikia kwetu bonde la Usangu tangu utotoni, karibu neno kwa neno.

Hasira yao basi haikunishangaza. Kilichonishangaza ni kwamba mkulima wa huku anajua maji yake ni kiasi gani. Haki ya maji imetenganishwa na shamba, inauzwa na kununuliwa kama hisa, na mto nao una fungu lake, lenye ofisi ya serikali inayoamua lini lifunguliwe kwa ajili ya samaki, ndege na miti ya kingoni. Yule mzee aliuza maji yake, akamaliza deni la benki. Aliyeumia ni jirani aliyekataa kuuza, kwa kuwa sasa gharama za mfereji uleule zinabebwa na watu wachache. Hilo wa mjini hawalioni.

Sasa rudi nyumbani. Ruaha Mkuu unakauka kila kiangazi ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha tangu 1993, viboko wanabanana kwenye madimbwi. Mwaka 2001 serikali iliahidi kwamba kufikia 2010 mto ungetiririka mwaka mzima. Mwaka 2006, mgao wa umeme ukiwa umepamba moto, wafugaji wakaondolewa Ihefu, ardhi oevu inayoulisha mto huo, pamoja na ng'ombe wao. 2008 Usangu ikaunganishwa na hifadhi. Mto ukaendelea kukauka.

Nilishika zamu za usiku nikiwa kijana kwenye banio, pale maji ya mto yanapoingizwa mferejini, na sikumbuki mtu aliyewahi kupima tulichochukua. Lango tulilifungua kwa kukadiria, na hata baada ya mavuno maji yaliendelea kuzurura kwenye majaruba matupu. Tulikuwa wapotevu, nakiri. Lakini mtu akituambia tuyaache yaende bwawa la umeme la Mtera, wazee walijibu kuwa hayo ni maji ya wenye umeme, nasi tulikuwa tunakula kwa mwanga wa kibatari. Utamlaumuje mtu kwa jibu hilo? Huku mkulima anafuatwa na hundi, anaweza kukataa. Kwetu mto ukihitaji maji, anatafutwa wa kuhamishwa.

Sisemi tulete soko la maji Usangu. Mwenye ekari moja angeuza mwaka wa njaa, na mifereji yote ingeishia kwa mwenye fedha. Ninachokitamani ni kile cha kabla ya soko: kila banio lijulikane linachukua kiasi gani, yakiwemo ya mashamba makubwa, na anayeombwa kupunguza alipwe.

Nilimweleza mdogo wangu haya kwenye simu. Alisikiliza vizuri tu mpaka nilipofika kwenye vipimo.

"Sawa kaka," akasema. "Na sisi tungepimia nini? Lango lenyewe la banio tumelifunga kwa viroba vya mchanga."