Kasoro si umeme, ni neva uliyoigusa

Mgonjwa wa kiharusi aliyelegea unyayo, anayeburuza vidole kwenye mchanga wa Mikindani, kwa kawaida hupewa splinti ya plastiki, yaani kishikizo kigumu cha kuuinua unyayo. Splinti ina hoja zake: haitaki betri, na majaribio yaliyoilinganisha na mashine ya kusisimua neva (mishipa ya fahamu) kwa umeme ili unyayo uinuke hayakuonesha tofauti kubwa ya kasi ya kutembea. Lakini inakaa ndani ya kiatu na inabana kifundo. Mtu anayevua ndala msikitini, barazani na mlangoni kwake haichukui muda kuisahau uvunguni.

Mashine nayo inalaumiwa kwamba inapinda mguu na inachosha. Ni kweli, ila sababu zake zinajulikana. Neva ya peronea inazunguka shingo ya fibula, ule mfupa mwembamba wa upande wa nje chini ya goti, na hapohapo inagawanyika. Tawi la kina huinua unyayo, la juujuu huugeuza nje. Elektrodi, yaani pedi ya kupitishia umeme, ikiwa pana na ikabandikwa kwenye njia panda hiyo, huyaamsha matawi yote mawili, na mhudumu akiona mguu umepinda huongeza mkondo. Hapo anaharibu zaidi, maana mkondo mkubwa husambaa mbali zaidi. Tumia elektrodi ndogo, ya sentimita 3 hivi, iliyo hasi juu ya neva, nyingine juu ya msuli wa mbele wa mguu. Anza na sifuri, panda polepole kwa mipigo 30 hadi 40 kwa sekunde, kila mpigo mikrosekunde 300. Unyayo ukigeuka nje, sogeza ile ya mbele kuelekea ugoko, nusu sentimita tu, ujaribu tena. Nusu sentimita inabadilisha mwendo mzima.

Uchovu unatokana na mpangilio wa kuamsha nyuzi za neva. Ubongo huanza na nyuzi nyembamba zinazostahimili, tena huzipokezanisha; umeme wa nje huzikamata kwanza nyuzi nene, zile zile kila mpigo, nazo huendesha misuli inayochoka upesi. Kola inayopandikizwa kuzunguka neva, yenye sehemu nyingi za kugusa, inaweza kuchagua fungu la nyuzi na kuligawia zamu. Lakini ni upasuaji, waya hukatika, na kutoka Liwale kufuata fundi wake ni safari.

Joto la pwani pia lina lake: jasho la chumvi hupitisha mkondo juu ya ngozi, na jeli ikikauka ngozi inachoma. Osha mguu, kausha, badili pedi mapema. Mwenye kifaa cha kuendesha mapigo ya moyo asiwekewe kabisa bila daktari wake wa moyo.

Na neva iliyokufa haiamki. Ukoma hushambulia neva hii hii, na sindano iliyochomwa vibaya takoni huumiza shina lake. Kwa hao, mkondo ukipanda na unyayo usitikisike, splinti ndiyo haki yao. Ukiinuka, hata kwa kupinda, mashine isirudishwe kabatini kabla elektrodi haijasogezwa.