Enzi zile nyumba ilimhitaji mtoto

Sisi tuliokulia Morogoro miaka ya 1980, tukikutana msibani au harusini, mazungumzo hayakawii kufika kule kule: tulizurura kutwa, tuliogelea mtoni, tulipanda miembe ya watu, na hakuna aliyetutafuta mpaka adhana ya magharibi. Kisha wenzangu wanawageukia watoto wa leo na kuwaita legelege. Hapo huwa tunatofautiana. Mimi naona watoto ni wale wale. Zilizobadilika ni nyumba. Nyumba ya zamani haikwenda bila mtoto, ya leo haina shughuli naye.

Chukua chemli. Kioo chake kina mdomo mwembamba, mkono wa mtu mzima haupiti. Kwa hiyo kutoa masizi ilikuwa kazi yetu, kila jioni kabla jua halijazama. Unapuliza pumzi ndani, unaingiza gazeti lililofikichwa, unazungusha taratibu, maana kioo kikipasuka hela ya kingine haipo. Utambi nao lazima ukatwe ukawa sawa. Ukiuacha na pembe, moto unapanda upande mmoja na kioo kinakuwa cheusi kabla ugali haujaiva. Mtoto wa darasa la pili aliyajua haya yote. Akizembea, nyumba nzima inakula gizani, na kila mtu anajua kazi ilikuwa ya nani.

Pasi ya mkaa, ile yenye jogoo mbele, ilitaka umakini zaidi. Unaijaza mkaa ulioshika vizuri, unaibembeza mlangoni ili upepo upite kwenye matundu, halafu unaipitisha juu ya jani bichi la mgomba kufuta masizi na kupima joto. Shati lenyewe la shule jeupe, na cheche moja inatosha kuliharibu. Nilikabidhiwa pasi hiyo nikiwa bado nasimama juu ya kigoda ili niifikie meza. Mama hakukaa kunitazama; alikuwa na mengine ya kufanya, na alikwisha niona nikiifanya kazi hiyo chini ya macho ya dada yangu.

Redio ilikuwa moja, na betri zilikuwa adimu, hasa miaka ile ambayo hata sabuni tuliipangia foleni. Zikichoka tulizianika juani juu ya bati. Joto huichangamsha kemia iliyobaki ndani, zikapata nguvu ya kutufikisha kwenye taarifa ya habari ya Redio Tanzania saa mbili usiku. Baba aliibania redio kama mtu anavyobania akiba ya mbegu: habari, mpira wa Simba na Yanga, na kwa ajili yetu Mama na Mwana. Baada ya hapo inazimwa. Zanzibar walikuwa na televisheni ya rangi tangu miaka ya 1970, lakini huku Bara tulisubiri mpaka 1994. Saa zote zilizobaki hakukuwa na kitu cha kutuvuta ndani.

Basi tulikuwa nje. Kombolela, rede, chandimu ya mpira wa makaratasi, vigari vya waya. Na mto Morogoro, unaoshuka kutoka Uluguru na kujaa ghafla mvua ikinyesha mlimani hata kama mjini kuna jua. Tulijifunza kwa wakubwa zetu kwamba maji yakianza kugeuka rangi ya udongo mnatoka wote, papo hapo, hata nguo mtavalia mbele ya safari. Wazazi walituruhusu kwenda mbali kwa sababu walishatupima kwa vitu vya karibu. Mtoto anayeaminiwa na moto ataaminiwa na njia.

Sitaki kibatari kirudi. Mafuta ya taa yaliwekwa kwenye chupa za soda, na wapo watoto waliokunywa wakidhani ni maji. Wengine waliungua. Moshi tuliovuta tukisoma usiku haukuwa mwema kwa kifua cha yeyote. Mwaka 2011 serikali ilipopandisha kodi ya mafuta ya taa ili kukomesha uchakachuaji wa dizeli, yaani kuichanganya na mafuta hayo, bei ikapaa, na taa za sola zikaingia sokoni kwa wingi. Nilifurahi, na bado nafurahi. Umeme uliofika vijijini umeokoa macho na mapafu ya watu.

Ila tulipotoa chemli, pasi ya mkaa na jiko la mchina la mafuta ya taa, tulitoa pia nafasi ya mtoto katika uendeshaji wa nyumba, na hatukumpa nyingine. Sasa anaamka alfajiri kuwahi basi la shule, anarudi jioni, geti linafungwa, anapewa simu ili atulie. Tunamtaka atulie tu. Kisha tunashangaa akifika kidato cha kwanza bweni hajui kufua soksi.

Najua barabara za leo zina bodaboda zisizosimama, na kile kiwanja tulichochezea kimeshajengwa fremu za maduka. Hilo ni jambo la kuwadai madiwani kwa sauti kubwa. Lakini jiko la gesi liko ndani ya uwezo wetu, kisu kiko, soko liko. Binti yangu ana miaka tisa. Jumamosi ndiye anayekwenda gengeni na hela, anachagua nyanya, anapunguziwa bei au hapunguziwi, anarudi na chenji. Mchicha anaukata yeye, kwa kisu kikali, kwa sababu kisu butu ndicho kinachoteleza na kukata vidole. Shangazi yake analalamika kwamba namtesa mtoto. Nimemwambia aje Jumamosi hii, aonje hiyo mboga.