Si Waitaliano wamejaa Malindi?

Hili swali limenichosha. Kila nikisema natafuta spea ya gari langu la Kitaliano, Alfa Romeo 156, mtu ananijibu, "Uko Malindi bwana, Waitaliano tele, utakosaje?" Jamani, Mtaliano alikuja hapa kula kamba na kuota jua, hakuja na sanduku la spea! Ninaowaona mimi wenyewe wanapanda tuktuk.

Juzi naingia duka la spea, naomba plagi nane. Muuzaji akanikazia macho. "Injini ya silinda nne, plagi nane za nini, za akiba?" Twin Spark hiyo, ndugu yangu: kila silinda plagi mbili, tena hazilingani ukubwa. Akanitolea nne za Toyota Probox, eti nijaribu hizo kwanza.

Mkanda wa taimingi ndio usiseme. Kilomita 60,000 uwe umeshaubadilisha. Ukikatika, vali zinakutana na pistoni, injini kwaheri. Kwa hiyo agiza, ngoja, lipa ushuru, na huku hewa ya chumvi inatafuna nyaya. Halafu jirani anapita na Probox yake: "Hii hata fundi baiskeli anaitengeneza!" Kinachoniuma, hasemi uongo.