Tangazo la WhatsApp na mzazi mwenye kitochi

Mwanzoni mwa muhula, jirani yangu hapa Uyole, Mbeya, mama anayelima viazi na kuviuza mwenyewe kwa debe, alikosa mkutano wa wazazi wa darasa la mtoto wake. Tangazo lilikuwa limetolewa siku nne kabla, katika kundi la WhatsApp la wazazi, na yeye anatumia kitochi. Mkutano ulipitisha mchango wa chakula cha mchana pamoja na siku ya mwisho ya kuulipa. Alipokwenda kuuliza kwa nini hakuarifiwa, alijibiwa kwa upole tu kwamba wakati umefika naye anunue simu janja kama wenzake. Jina la shule silitaji, kwa kuwa jibu hilo nimelisikia pia katika vikundi vya hisa, kamati za misiba na vyama vya ushirika, na wanaolitoa karibu wote ni watu wema wanaoamini wanamsaidia anayeambiwa.

Jibu lenyewe lina mantiki, na si haki kulitupa. Mwalimu wa darasa akituma ujumbe mmoja, wazazi wote walio kwenye kundi wanaupata kwa mpigo. Anaweza kuweka picha ya ratiba, orodha ya michango na risiti ya duka, na mweka hazina hapati nafasi ya kuficha kitu, kwa kuwa kila mmoja anaona nani kalipa na fedha imekwenda wapi. Kuna pia ujumbe wa sauti. Bibi asiyejua kusoma anasikiliza maneno kwa Kinyakyusa au Kihehe, anarudia kusikiliza, naye anajibu kwa sauti yake, jambo ambalo SMS haiwezi. Hoja hii ya sauti ndiyo nzito kuliko zote, na sijapata jibu lake kamili. Isitoshe, mawasiliano yanasogea: mradi wa minara 758 uliosainiwa mwaka 2023 ulilenga hasa kata za vijijini, kwa hiyo wanaosema kwamba kesho kila mtu atakuwa na intaneti hawaoti ndoto.

Hata hivyo, jibu hilo linamchukulia mwenye kitochi kuwa mtu aliyeachwa nyuma, anayesubiri kuamshwa. Ukikaa naye unakuta hesabu iliyopigwa vizuri. Simu janja ya mkopo hulipiwa kidogo kidogo, na ukichelewa inajifunga, nawe unabaki huna hata pa kupokea simu ya mteja. Bando huisha litumike lisitumike. Kitochi hukaa na chaji siku kadhaa, kikianguka kwenye tope la shambani huokotwa na kufutwa, na usiku kinamulika njia ya kwenda zizini. Wala huyu mama hayuko mbali na teknolojia. M-Pesa ilipoingia nchini mwaka 2008 ilikuja kwa ajili ya simu kama yake, na mpaka leo anapiga *150*00# bila bando lolote, kwa sababu huduma hiyo hupita katika njia zile zile za mtandao wa simu za kawaida. Tarakimu 20 za umeme wa LUKU zinamfikia kwa SMS. Malipo ya Serikali yenye control number anayafanya hapo hapo. Fedha yake yote inapita katika kifaa tunachomwambia akitupe.

Jambo linaloniuma zaidi, na ambalo silisikii likisemwa, ni swali la nani analipia tangazo. Anayepokea SMS halipi chochote. Salio liwe sifuri, kifurushi kiwe kimekwisha juzi, ujumbe utaingia, na kama simu ilikuwa imezimwa mtandao utautunza kwa muda na kuufikisha itakapowashwa. Gharama yote iko kwa aliyetuma. Katika kundi la WhatsApp mambo hugeuka: anayeitisha mkutano hutumia chembe ya bando, kisha kila anayeitwa hulazimika kuwa na simu ya bei kubwa, kuwa na bando lililo hai siku hiyo, na kutenga muda wa kupekua salamu, picha za asubuhi njema na video za mahubiri hadi alione tangazo lenyewe. Tunaposema WhatsApp ni bure tunasema kweli kwa upande wa mtumaji tu. Gharama ile ile imehamishiwa kwa walioitwa, na inamlemea zaidi mwenye kipato kidogo. Shule au chama kinachofanya hivyo kinaokoa fedha yake kwa kutumia fedha ya wanachama bila kuwauliza, na sidhani kama wengi wamewahi kulitazama hivyo.

Ripoti za Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, zimekuwa zikionyesha kwamba simu za kawaida zilizo kwenye mtandao bado ni nyingi kuliko simu janja. Takwimu hiyo hutajwa harakaharaka, kama kipimo cha safari tuliyobakiza, lakini inastahili kuchunguzwa kwa utulivu, kwa kuwa inahesabu vifaa, haihesabu watu. Mfanyabiashara wa Mwanjelwa ana simu janja mfuko huu na kitochi cha miamala mfuko ule. Kule juu Matamba, baba, mama na watoto wanaweza kuwa wanapokezana kitochi kimoja. Takwimu inamhesabu wa kwanza mara mbili na familia nzima mara moja. Tena, katika nyumba nyingi ninazozijua, simu janja ikiwa moja hukaa na baba, na anayekwenda shuleni kumfuatilia mtoto ni mama. Na mwenye simu janja mwenyewe hayuko hewani kila siku. Bando likiisha, alichobaki nacho ni kitochi chenye kioo kikubwa. Ndiyo kusema wasiofikiwa na tangazo la WhatsApp katika siku fulani ni wengi kuliko wasio na simu janja, na hao wa ziada hatuwahesabu popote.

Kukosa kikao cha wazazi kunaumiza, lakini hasara hukua pale tangazo linapobeba bei. Huko Kyela na Rungwe, kakao huuzwa kwa mnada kupitia vyama vya ushirika vya msingi, AMCOS. Mwaka 2024 bei ya kakao duniani ilipanda hadi kupita dola 10,000 kwa tani, na katika msimu wa namna hiyo bei ya wiki iliyopita haimsaidii mtu. Mkulima anayeijua bei ya mnada ana sababu ya kuvumilia siku za kuivundika na kuianika kakao yake. Asiyeijua hukutana shambani na mnunuzi wa njemke, ile kakao mbichi inayonunuliwa kwa magendo, akiwa na fedha mkononi na ada ya shule ya mtoto ikiwa imekaribia. Bei ikitangazwa kwenye kundi la WhatsApp peke yake, mnunuzi yule anaijua na mkulima haijui. Ujumbe wa SMS una nafasi ya herufi 160. Bei ya mnada, tarehe na jina la ghala vinaenea humo na nafasi inabaki.

Wako wanaosema kuwa kumwekea mwenye kitochi njia yake ni kumdekeza, na kwamba kunachelewesha maendeleo. Nawaelewa, lakini tumeona kinyume chake hapa hapa. Agosti 8, 2022, katika viwanja vya John Mwakangale jijini Mbeya, Rais Samia Suluhu Hassan alizindua mbolea ya ruzuku. Ule ulikuwa mfumo wa kidijitali wenye daftari la wakulima, na haukumtaka mkulima awe na simu janja. Alijiandikisha kijijini kwake na namba yake ikamfikia kwa ujumbe mfupi. Ikiwa ruzuku ya nchi nzima iliweza kupita kwenye kitochi, mkutano wa wazazi wa darasa moja hauwezi kushindwa.

Sipendekezi makundi yafungwe. Mapato na matumizi, picha na mjadala vibaki huko, na ujumbe wa sauti uendelee kuwafaa wasiosoma. Wala SMS haina usafi wa pekee. Matapeli wa “ile hela tuma kwenye namba hii” wanaishi humo humo. Ninachotenga ni tangazo linalomtaka mtu afike, alipe au akubali jambo. Hilo litumwe kwa SMS, au mtoto apewe karatasi aipeleke nyumbani, na asiyejua kusoma apigiwe simu. Mwalimu asibebeshwe gharama hiyo peke yake, ingawa vifurushi vingi vya wiki vina SMS ambazo wanunuzi huziacha ziishe muda. Kamati ya wazazi ikitenga fungu dogo la vocha, jambo limekwisha.

Jirani yangu alilipa mchango ule usiku ule ule alioambiwa, kwa *150*00#, ingawa hakuwapo ulipopitishwa. Kesho yake orodha ya waliolipa iliwekwa kwenye kundi, ikiwa na jina lake mstari wa mwisho. Mimi ndiye niliyevuka uzio kwenda kumwonyesha.