Shemeji Alivyonivua

Shemeji yangu haamini fundo lililofungwa na mtu mwingine. Hata kamba za viatu vyangu huzitazama kwa mashaka. Kwa hiyo tulipokubaliana kwenda kuvua papa kutoka ufukweni, wa kunasa, kumtoa ndoana na kumwachia aende zake, alitangaza kwamba lida tutaitengeneza pamoja: yeye msimamizi, mimi mikono.

Lida ni kile kipande cha mwisho kati ya mshipi na ndoana, na kwa papa hakina mzaha. Meno yake hupita kwenye nailoni bila hata yeye kugundua, ndiyo maana karibu na ndoana huwekwa waya. Lakini wengi huyaogopa meno wakaisahau ngozi. Ngozi ya papa imejaa vijimeno vidogo visivyoonekana kwa macho. Ni msasa unaoogelea. Mshipi ukimgusa ubavuni au mkiani kwa muda, unasagika. Baada ya waya, basi, hufuata nailoni nene iliyo ndefu kuliko papa mwenyewe.

Sisi tuliweka waya wa nyuzi 49, ule unaokunjika bila kuvunjika, karibu mita 1, kisha nailoni ya unene wa milimita 2, mita 4 hivi. Nailoni ya namna hiyo haikubali fundo. Unapitisha ncha kwenye kibomba kidogo cha alumini, unairudisha, unakibana kwa koleo. Shemeji alisimama nyuma yangu akihubiri: usibane mpaka ukingoni, acha mdomo wa kibomba upanuke kidogo, la sivyo ukingo utaikata nailoni. Ichome ncha kwa kiberiti ifanye kinundu, isichomoke. Yote kweli tupu, ingawa ukweli haunogi ukipumuliwa shingoni. Tulipomaliza tukafunga upande mmoja kwenye nguzo, tukashika upande wa pili wote wawili, tukaegemea nyuma kwa uzito wetu wote. Lida haikutoa hata mlio.

"Shem," akasema, "hii hata ukivulia mtu inatosha."

Nilimwachia kila kitu isipokuwa somo moja, la ndoana, maana hapo mimi ndiye mjuzi. Tulikuwa na ndoana ya duara, kubwa, ya chuma kinachoshika kutu, ili ikibaki mdomoni mwa papa ioze yenyewe. Ndoana hiyo haitaki papara. Ukikurupuka kuvuta, inachomoka. Ukikaza polepole, inateleza mpaka pembeni mwa taya, inajizungusha, inashika.

"Ukihisi mzigo, usirushe fimbo juu," nilimwambia, nikigusa rili, kile kigurudumu cha kukunjia mshipi chenye breki yake. "Funga breki taratibu, zungusha rili, kaza. Hata akihangaika vipi, wewe kaza tu."

Akaitikia kwa utii ambao sikuuzoea.

Chambo kilikuwa jodari mdogo mzima. Mkia tulimkata ili asizunguke majini na kuusokota mshipi, tukamchanja mbavu zote mbili damu na mafuta visambae. Ndoana tukaifunga mgongoni mwake kwa vile vibano vya plastiki vya kufungia nyaya, ncha ikiwa nje kabisa. Ncha ikizibwa na chochote, hata na minofu ya chambo chenyewe, papa atakula, atashukuru na ataondoka.

Mzigo huo huwezi kuurusha kwa fimbo. Unapelekwa kwa kayaki mpaka nyuma ya mawimbi. Mapatano yalikuwa rahisi. Shemeji abaki na fimbo, rili ikiwa wazi, kidole gumba kikigusa mshipi usije ukajisokota. Mimi nipige kasia. Nikishadondosha chambo, nimmulike kwa taa ya kichwani mara mbili, ndipo afunge breki. Nikavaa jaketi la kuelea, funguo za gari nikazitia mfuko wa kulia wa suruali, wenye zipu, kwa kuwa shemeji hupoteza vitu. Nikaingia gizani.

Mawimbi mawili ya kwanza yalinipisha. La tatu liliinua pua ya kayaki, jodari aliyekuwa nyuma yangu akateleza akaja kukaa nami, na nikahisi kitu kimenigusa sehemu ambayo mtu hatarajii kuguswa baharini. Nikageuka kutazama. Taa nayo ikageuka, ikamulika ufukweni. Nikarudisha uso mbele kuangalia wimbi linalofuata, kisha nikageuka tena.

Kwa mtu aliyesimama ufukweni, hiyo ni mara mbili.

Breki ikafungwa. Kayaki ikaanza kurudi kinyumenyume, nami nikapiga kasia kwa nguvu zote kwenda mbele, jambo ambalo kule ufukweni lilionekana kwenye ncha ya fimbo kama dalili njema sana.

"Kaingia!" nikamsikia.

"Shemeji, ni mimi!"

"Nakusikia! Nakaza taratibu!"

Na kweli alikaza taratibu. Mwanafunzi mzuri kuliko huyo hapatikani. Ndoana ikateleza juu ya kitambaa, ikatafuta mshono wa makalioni, pale fundi anaposhona mara mbili, ikajizungusha, ikashika. Watu wasioziamini ndoana za duara waje niwaoneshe.

Kayaki ikapinduka. Jaketi likaniweka juu ya maji, uso ukitazama nyota, nikivutwa kisogo mbele katika bahari tuliyoichagua kwa sababu ina papa, jodari aliyechanjwa akinifuata kwa karibu mno. Katika hali hiyo mawazo hayaji mengi. Kwangu lilikuja moja: kwa nini tulichanja mbavu zote mbili?

Njiani chubwi, ule uzito wa kuzamisha chambo, likakwama. Lilikuwa chubwi la makucha ya waya, la kung'ang'ania mchangani, na tulilifunga kwa uzi mwembamba makusudi, ili likinasa uzi ukatike na mengine yasalie. Nikapata tumaini. Uzi ukakatika, mengine yakasalia, safari ikaendelea.

Papa mkubwa haburutwi hadi mchanga mkavu. Unamsubiri kwenye maji ya magoti, unamtia kitanzi cha mkia, unamtoa ndoana haraka akiwa bado anapitisha maji kwenye matamvua. Shemeji alilegeza breki, akachomeka fimbo kwenye bomba lake mchangani, akaja mbio na kitanzi. Nikahisi kamba ikikaza kwenye kifundo cha mguu.

"Tulia, baba, tulia," akaniambia kwa sauti laini ambayo hajawahi kuitumia kwa binadamu. "Utaachiwa sasa hivi."

"Unaongea na nani?"

Kimya. Taa ikanimulika usoni.

"Shemeji?"

"Naam."

"Papa yuko wapi?"

"Umemshika mguu."

Koleo la kukatia waya alikuwa nalo kiunoni. Akalitoa, akaitazama lida, akalirudisha.

"Siikati. Tumehangaika nayo sana. Vua suruali."

Nilivua. Jaketi na aibu vikanitosha. Tukaanza kubishana juu ya idadi ya mimuliko, yeye akisema aliona miwili dhahiri, mimi nikisema kumulika ni kuwasha na kuzima taa, si kugeuza kichwa. Tukiwa katika hoja hizo, maji yanayorudi baharini yakamchukua jodari pamoja na suruali yangu mpaka kwenye lile bonde la mchanga lililo hatua chache tu kutoka ukingoni. Wavuvi wengi hupeleka chambo mbali, kumbe usiku papa hupita pale pale miguuni pao.

Rili ikalia: kreeeee!

Shemeji alifika kwenye fimbo kabla sijamaliza kugeuka. Akafunga breki taratibu. Akakaza. Fimbo ikapinda hadi nikasahau kwamba sina suruali, ikatikisika, halafu ikanyooka ghafla. Akazungusha rili mpaka mwisho, tukainama na taa zetu.

Waya mzima. Nailoni nzima, imechubuka kidogo tu. Jodari hayupo, vibano vya plastiki vimekatwa safi. Ndoana ilikuwa bado imeng'ang'ania mshono wangu, ncha imefunikwa na kitambaa kikunjo juu ya kikunjo, na chini yake ulining'inia mguu mmoja wa suruali.

Shemeji hakuuangalia. Alikuwa akikagua vibomba, kimoja kimoja, kwa mapenzi.

"Unaona, shem? Hakuna hata kimoja kilichoteleza." Akavikausha kwa kanzu yake ya mvua. "Haya, unatetemeka, twende zetu. Nipe funguo, leo naendesha mimi."

Nikaugeuza ule mguu wa suruali kwenye mwanga. Ulikuwa wa kushoto.