Sio mchepuko, ni kodi ya nyumba

Wadau, jamaa wa sauti ameshanimaliza. Toka jana mchana magrupu yote ya watu wa matangazo yana habari kwamba meseji za mchepuko wangu zimeoneshwa kwenye projekta mbele ya mteja. Kuna mtu kaniandikia "pole kaka, ndoa ni mapito". Basi ngoja niseme mwenyewe, tena kwa utaratibu, maana yule bwana masikio anayo ila macho ni ya kuazima.

Tangazo ni la sekunde 30, la programu ya simu ya kutumiana pesa. Shoti yenye balaa ni moja tu: mama wa sokoni anainua simu, tunaona pesa imeingia, anatabasamu. Ilipigwa kwa fremu (yaani picha moja moja) 50 kwa sekunde, ikachezwa kwa 25, kwa hiyo inakwenda polepole, sekunde nne nzima. Fremu 100. Tunazihesabu kuanzia 1001 mpaka 1100, maana ukianzia sifuri halafu dairekta akataka kipande zaidi cha mwanzo, utajikuta una namba hasi.

Kwa wasiojua: skrini ya simu mnayoiona kwenye tangazo, mara nyingi sana imebandikwa baadaye. Simu halisi mbele ya kamera inaweza kutoa mistari inayochezacheza, mwanga wake haulingani na jua, na mteja lazima atabadilisha maandishi siku ya mwisho. Dairekta alitaka tuwashe kijani kali kwenye ile simu. Nikagoma. Kijani ikiwa karibu na ngozi namna ile inavipaka vidole, halafu mimi ndiye nitakayekesha naisugua kwenye kucha za mama wa watu. Tukaweka picha ya kijivu iliyofifia, misalaba midogo kwenye pembe nne na mmoja katikati, mwanga wa simu tukaushusha. Misalaba ni ya kufuatilia mwendo, unaifuta baadaye. Kijivu ni ili kioo kibaki na mng'ao wake wa anga na miavuli ya sokoni, ambao unaurudisha juu ya picha mpya ukimaliza. Usipourudisha, simu inaonekana imebandikwa stika ya daladala.

Mocha, programu ya kufuatilia mwendo, ikakishika kioo vizuri, hakuna kuteleza. Dole gumba la mama linapita juu ya skrini, hilo nikalichorea ukingo wake kwa mkono ili libaki juu ya picha mpya, fremu baada ya fremu. Ukungu wa lenzi nikaulinganisha na kingo za simu. Kazi safi. Najisifu mwenyewe kwa kuwa wiki hii hakuna mwingine wa kunisifu.

Shida ni kwamba picha ya skrini kutoka kwa mbunifu wa mteja ilikuwa haijafika. Nilitaka kitu chenye maandishi mengi, kwa sababu herufi ndogo ndizo zinazokwambia mapema kama ubandikaji unatetereka. Nikachukua picha ya skrini ya simu yangu. Kilichokuwa wazi muda ule ni mazungumzo na mama mwenye nyumba. Nikajisemea ni ya muda tu.

Picha ya kweli ikafika usiku. Nikaibadilisha, nikaanza kurenda upya (kompyuta inapiga hesabu na kuandika kila fremu iliyokamilika) kwenye folda ileile, kwa majina yaleyale, fremu mpya ikiandikwa juu ya ya zamani. Nikaenda kulala. Umeme ukakata. UPS ikajitahidi dakika zake chache, ikaaga. Fremu ya 1058 ilikuwa imeshaandikwa diskini, ya 1059 bado inapigiwa hesabu.

Sasa oneni mtego. Folda ingekuwa tupu tangu mwanzo, programu ingepiga kelele kwamba fremu 42 hazipo. Lakini zilikuwepo! Za zamani. Asubuhi nikahesabu faili: 100 kamili. Nikafungua 1001, safi. Nikafungua 1030, safi. Saa za faili kuandikwa, ambazo zingenionesha kila kitu kwa kutupa jicho moja, sikuziangalia. Na msiniulize kuhusu kufungua folda mpya kwa kila toleo, v002, v003. Hilo huwa nawafundisha vijana wa mafunzo. Kwa sauti ya ukali.

Chumba cha mikutano. Pazia limeshushwa. Bosi mkubwa mbele, dada wa masoko pembeni yake, mtu wa fedha na kikokotoo, dairekta anatabasamu kama bwana harusi. Jamaa wa sauti mlangoni kabisa, na spika zake.

Tangazo linaanza. Mama anainua simu. Skrini inawaka: "Umepokea TSh 500,000." Dada wa masoko anaguna kwa raha. Dole gumba linaingia, linafunika maandishi, linatoka. Na huko chini ya dole gumba, wadau, ndiko 1058 ilikokabidhiana na 1059. Haikuruka hata kidogo. Ukiona utasema nimekusudia.

Bosi akainua mkono. "Hebu simamisha hapo. Nataka nione nembo yetu kama inasomeka."

Nikasimamisha. Mimi mwenyewe, kwa kidole changu.

Ukuta mzima. Juu kushoto jina, refu, simu imelikata: "Mama Mwe…" Kulia, betri asilimia 4. Bosi akavaa miwani. Ni wale wazee ambao wakisoma, wanasoma kwa sauti, tena na nukta.

"Kijana wangu, mwezi wa tatu huu."

Kimya.

"Hela unasema ipo njiani. Inakuja kwa miguu?"

Dairekta tabasamu likaanza kushuka upande mmoja. Mimi natafuta kitufe. Bosi akafika kwenye jibu langu, na hapa nawaomba mkumbuke tangazo ni la nini:

"Shikamoo mama, nimetuma toka asubuhi ila haya mambo ya kutuma pesa kwa simu ni matatizo matupu."

Dada wa masoko akafunga daftari. Bosi akameza mate, akamalizia ya chini:

"Leo usiku nakuja mwenyewe. Na safari hii usizime taa."

Nikabonyeza kitufe cha nafasi ili ipite. Ikapita. Ila nilikuwa nimeacha kichezeshi kwenye kurudia, kwa hiyo ikamaliza, ikaanza upya. Mama anainua simu. Umepokea TSh 500,000. Dole gumba. Usizime taa. Mama anainua simu. Safari hii chumba kizima wakasoma naye kama kiitikio cha kwaya. Nikachomoa waya wa projekta.

Mtu wa fedha ndiye aliyevunja ukimya: "Kwani kodi yenyewe ni shilingi ngapi?"

Sasa jamaa wa sauti kutoka kule mlangoni kaambulia "Mama Mwe" na "nakuja usiku, usizime taa". Mengine kamalizia mwenyewe. Taa, ndugu zangu, huwa tunazizima ili mama mwenye nyumba ajue hatupo. Ndiyo hivyo, nimesema, furahini.

Mengine ni mafupi. Fremu 42 nimezirenda upya, folda mpya, jioni wakaidhinisha. Bosi kacheka mpaka kakohoa, dada wa masoko bado hajibu salamu zangu. Nyumbani mke kashapelekewa ile habari na watu wenye roho nzuri. Nikamwonesha fremu yenyewe, akasema taa mara ya mwisho alizima yeye, mimi nilikuwa chini ya meza tayari.

Mtu wa fedha kaahidi malipo Ijumaa. Nikamtumia mama mwenye nyumba ujumbe wa heshima kwamba mzigo wote anaupata Ijumaa. Kajibu papo hapo: "Ya mwaka gani?"