Sheria Tulizojiwekea Kwenye Banda la Gemu

Nimecheza gemu kwa zaidi ya miaka 20, na miaka niliyoifaidi kuliko yote ni ile ya banda la mabati lililokuwa Chikongola, hapa Mtwara mjini, lenye televisheni mbili za kichogo, PlayStation 2 mbili na benchi moja refu ambalo wanaosubiri zamu waliketi wakitoa ushauri ambao hakuna aliyeuomba. Gemu tuliyoicheza zaidi ilikuwa Pro Evolution Soccer 6, iliyotolewa na Konami mwaka 2006, ambayo Liverpool iliitwa Merseyside Red kwa sababu kampuni hiyo haikuwa na leseni ya kutumia jina la klabu, nasi tuliitambua kwa wachezaji wake tu.

Kati ya pedi mbili za televisheni iliyokuwa karibu na mlango, moja ilikuwa imechakaa. Mpira wa kile kifimbo cha kushoto, cha kumwongozea mchezaji, ulikuwa umemong'onyoka wote, na mwenye banda alikuwa amekivika kipande cha tyubu ya baiskeli akakikaza kwa uzi wa nailoni. Kipande hicho kiliteleza kila kidole kilipotoka jasho, kwa hiyo aliyeishika pedi ile alikuwa na ulemavu ambao mwenzake hakuwa nao. Hatukulalamika kwa muda mrefu. Tulikubaliana kwamba ikifika mapumziko, pedi zote mbili zichomolewe na kuchomekwa upya kwa kubadilishana matundu, ili kila mmoja aonje adha ya tyubu kwa kipindi kimoja.

Sheria nyingine zilizaliwa vivyo hivyo, kila moja kwa sababu yake. Inter Milan haikuruhusiwa kuchaguliwa na mtu yuleyule mara mbili mfululizo, kwa kuwa mashuti ya mshambuliaji wake Adriano katika gemu ile yalikuwa hayazuiliki. Kusimamisha mchezo wakati mpira uko ndani ya boksi kulihesabiwa kuwa ni penalti, na aliyefanya hivyo alipaswa kusimama atulie hadi mwenzake afunge. Anayefungwa anapisha, lakini msimu wa korosho ulipofika, watoto wakawa na vijisenti na benchi likajaa hadi nje, tuliongeza kwamba hata mshindi akishinda mara tatu mfululizo naye apishe. Hakuna hata moja kati ya sheria hizi iliyoandikwa ndani ya diski ya Konami. Tulizitunga sisi, tukazisimamia sisi, na tulipoona moja haifai tuliifuta jioni ileile.

Hapo ndipo penye maoni yangu yote kuhusu gemu. Naamini kwamba ubora wa gemu hauko katika picha zake wala katika ukubwa wa dunia yake peke yake, bali katika nafasi inayowaachia wachezaji ya kuelewana wao kwa wao namna ya kuicheza, na nafasi hiyo hupatikana kwa urahisi zaidi pale ambapo mpinzani wako ameketi pembeni yako na mnatazama kioo kimoja.

Jambo hili si geni kwetu. Mjomba wangu wa Mikindani, aliyenifundisha bao, hakuwahi kugusa kete kabla ya kuuliza, "Tunacheza lipi?" Ubao ulikuwa uleule, wenye mashimo 32 katika safu nne, na kete zilikuwa zilezile komwe 64, lakini kulikuwa na bao la kujifunza, ambalo kila shimo huanza na kete mbili, na kulikuwa na bao la Kiswahili lenyewe, ambalo kila mchezaji huanza na kete 10 ubaoni na 22 mkononi. Mgeni akifika, walikubaliana kwanza, hasa kuhusu nyumba, lile shimo maalumu la kila mchezaji, ndipo wakaanza. Waliozunguka ubao walikuwa mashahidi, na mashahidi wale hawakuruhusu mtu kujisahaulisha.

Gemu nyingi za sasa zimeihamisha mamlaka hiyo kutoka kwenye benchi na kuipeleka kwenye seva, yaani kompyuta za kampuni zinazoendesha gemu mtandaoni. Pro Evolution Soccer yenyewe mwaka 2021 iligeuzwa kuwa eFootball, gemu ya bure ambayo uhai wake uko mtandaoni. Nakiri kwamba imewafikia vijana ambao wasingeweza kununua PlayStation, akiwemo mpwa wangu aliyeko Lindi, anayeicheza kwenye simu hadi bando linakwisha. Lakini nikimuuliza alicheza na nani jana, hajui. Mtandao ukikatika dakika ya 80, hana wa kumwambia turudie.

Yapo makubwa kuliko hayo. The Crew, gemu ya magari ya kampuni ya Ubisoft iliyotoka mwaka 2014, ilizimiwa seva zake tarehe 31 Machi 2024, na kuanzia siku hiyo hata aliyeinunua kwa fedha yake na kutaka kuendesha gari peke yake hakuweza tena. Diski yetu ya banda ilikwaruzika, tukaisugua kwa dawa ya meno, ikaendelea kucheza. Sioni dawa ya kusugua seva iliyozimwa, na jambo hili linaniuma kama mtu aliyependa gemu tangu utotoni.

Sidai kwamba watengenezaji wote wamesahau. It Takes Two, iliyotengenezwa na studio ya Hazelight na kutoka mwaka 2021, haichezeki na mtu mmoja kabisa. Ni lazima wawe wawili, kioo kikiwa kimegawanywa katikati, na ndiyo iliyopewa tuzo ya gemu bora ya mwaka katika The Game Awards. Niliimaliza na mke wangu, ambaye kabla ya hapo hakuwahi kushika pedi, na kwa usiku kadhaa tulibishana kwa furaha juu ya nani atangulie kuruka.

Mwaka huu nilinunua pedi nyingine kwa ajili ya mpwa wangu. Alipokuja likizo nilimsomea sheria za banda, naye akazisikiliza zote kwa adabu, kisha akasema, "Mjomba, na mimi naongeza moja. Mkubwa achukue timu dhaifu." Nilijaribu kuipinga, lakini mke wangu, aliyekuwa ameketi nyuma yetu, alimuunga mkono, na kwa desturi ya benchi wawili humshinda mmoja. Akachukua Brazil, mimi nikachukua timu ya daraja la chini ambayo wachezaji wake sikumjua hata mmoja, akanifunga 3–1. Tumekubaliana sheria hiyo ibaki hadi atakaporudi Desemba.